Anwani zetu za IP bado zilikuwa kwa jina la marehemu

Leo nataka kuongea juu ya daftari. Si daftari la shule, ni daftari la anwani za intaneti, na hasa kitu kidogo sana kilichomo ndani yake: jina, barua pepe na nambari ya simu ya mtu wa kutafutwa kukiwa na shida. Najua linasikika kama jambo la kumlaza mtu usingizi mchana. Hata mimi nililiona hivyo, mpaka mwaka 2016 liliponikosesha usingizi kwa karibu mwezi mzima.

Kwanza niwaeleze wale ambao si wa fani hii. Kila seva iliyo kwenye intaneti inahitaji anwani ya IP, na anwani hizo haziokotwi barabarani. Juu kabisa kuna IANA, ambayo hugawa mafungu makubwa kwa sajili tano za kanda: ARIN kule Marekani na Kanada, RIPE NCC Ulaya na Mashariki ya Kati, APNIC Asia na Pasifiki, LACNIC Amerika ya Kusini, na AFRINIC yetu sisi, yenye makao Ebène, Mauritius, iliyotambuliwa rasmi Aprili 2005. Kabla ya hapo Afrika tulikuwa tumekatwa vipande viwili: walio kaskazini mwa ikweta waliomba anwani RIPE NCC kule Amsterdam, na walio kusini wakaomba ARIN kule Marekani. Mtu wa Nanyuki sijui angesimama upande gani wa kile kibao cha ikweta wanapopigia picha watalii.

Kila sajili ina daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Ukiwa na Linux fungua terminal, andika whois, acha nafasi, weka anwani ya IP, bonyeza enter. Itifaki hii ni ya zamani, imeandikwa tangu 1982. Utaona anwani hiyo imo kwenye fungu gani, imepewa kampuni gani, halafu utaona mistari miwili inayoitwa admin-c na tech-c. Hiyo inakuelekeza kwa watu: huyu ni wa utawala, huyu ni wa mitambo, barua pepe yake hii, simu yake hii. Basi. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia.

Wakati huo nilikuwa na kampuni ndogo ya Nairobi iliyouza intaneti isiyotumia waya kwa maofisi, shule na zahanati. Mimi niliajiriwa kama mwandika programu, kazi yangu ikiwa mfumo wa ankara. Mambo ya mitambo yalikuwa ya mhandisi wetu mmoja, ambaye kila mtu alimwita tu Mzee ingawa hakuwa amefika miaka arobaini. Ndiye aliyejaza fomu za AFRINIC mwaka 2006, ndiye aliyeleta anwani zetu 1,024, ndiye aliyepanda milingoti kwa mikono yake. Kwenye fomu aliandika jina lake, barua pepe yake ya kazini, na nambari yake ya simu ya mkononi. Na angeandika nani mwingine?

Mzee alifariki mwaka 2011. Tulimzika, tukachanga, tukarudi kazini. Mimi nikapewa nywila za ruta zake kwenye karatasi, nikawa mhandisi wa mitambo bila kuuliza. Miaka miwili baadaye kampuni ikauzwa kwa mdosi mwingine, ikabadilisha jina, ikapata tovuti mpya na kikoa kipya. Kikoa cha zamani kikaachwa kife chenyewe. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna jambo lolote lililobaki nyuma.

Sasa twende 2016. Asubuhi moja zahanati ambayo ni mteja wetu ikapiga simu: barua pepe zao kwa kampuni ya bima zinarudishwa, na wagonjwa wanangoja idhini ya matibabu. Nilipochungulia nikakuta anwani zetu zimetiwa kwenye orodha nyeusi ya watumaji barua taka, si moja, fungu zima la 256! Seva ya mteja mwingine ilikuwa imevamiwa na ilikuwa ikimwaga takataka duniani kwa wiki kadhaa. Nikawaandikia wenye orodha hiyo kwa hasira kidogo: mbona hamkutuonya? Wakanijibu kwa upole kwamba walituonya mara nyingi, kwa anwani ile iliyo kwenye daftari.

Ndipo nikafanya kile ambacho sikuwa nimewahi kufanya tangu nianze kazi hiyo. Niliandika whois na anwani yetu wenyewe.

Jina la Mzee likanitokea kwenye skrini. Miaka mitano baada ya mazishi, bado ndiye mtu wa utawala, bado ndiye mtu wa mitambo. Barua pepe ni ya kikoa kile tulichokiacha. Nikapiga ile nambari ya simu, sijui kwa nini, labda mkono ulitangulia akili. Akapokea mama mmoja aliye sokoni Bungoma, kelele za watu nyuma yake. Laini iliyolala huuzwa tena, hilo tunalijua sote. Aliniambia, "Kijana wangu, hata jana kuna mzungu amenipigia akisema mambo ya intaneti, nikamwambia mimi nauza omena."

Hapo nilicheka. Kisha nikaangalia kile kikoa cha zamani kama bado kipo, na kicheko kikakauka. Kilikuwa kimeisha muda wake. Kilikuwa huru, kinauzwa kwa yeyote, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili mjini.

Naomba tukae hapa kidogo kwa sababu watu wengi hawaioni hatari hii mara moja. Mtu akinunua kikoa kile, barua zote zinazotumwa kwa Mzee zinaanza kumfikia yeye. Anaenda kwenye ukurasa wa sajili, anabonyeza "nimesahau nywila", na kiungo cha kuweka nywila mpya kinatumwa... kwake. Si kwamba angebeba anwani zetu 1,024 siku hiyo hiyo, maana sajili ina maswali na karatasi zake. Lakini hakuhitaji hata kufika huko. Anaweza kwenda kwa mtoa huduma mkubwa ng'ambo na kusema, hizi anwani ni zangu, naomba mzitangaze kwenye mtandao wenu. Mtoa huduma mwenye bidii atafanya nini? Atafungua daftari, atasoma barua pepe iliyopo, ataandika: je, mnakubali? Na jibu litarudi, "Ndiyo, tunakubali", limetiwa sahihi kwa jina la mtu aliyelala kaburini.

Na ni mali, msidhani ni mchezo. IPv4 ina anwani takriban bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la IANA liliisha Februari 2011. Tangu hapo anwani zimekuwa zikiuzwa na kununuliwa kama ploti. Ukihesabu hata kwa dola 20 kwa kila moja, fungu letu dogo lilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 20,000, kuzidi milingoti yetu yote ikiwekwa pamoja.

Nilikinunua kikoa hicho dakika hiyo hiyo, kwa M-Pesa yangu mwenyewe. Risiti ninayo mpaka leo na mdosi hajawahi kunirudishia.

Ndugu zangu Wakenya tunaielewa hadithi hii vizuri zaidi kuliko watu wa nchi nyingine, kwa sababu tunayo kwenye ardhi. Ni familia ngapi zinalima shamba ambalo hatimiliki yake bado ina jina la babu aliyefariki kabla ya uhuru? Hakuna aliyefuata mirathi, kwani kuna haja gani, sote tunajua shamba ni letu. Mpaka siku mtu asiyejulikana anapokuja na karatasi, na ofisi ya ardhi inatazama daftari, na daftari haliwajui ninyi. Hivyo hivyo kwetu. Kila mtu ofisini alijua anwani ni zetu. Daftari lilimjua Mzee peke yake.

Kurekebisha kulikuwa na safari yake. Nilidhani nitatuma barua pepe moja, "huyu amefariki, wekeni mimi". Kumbe, na sasa naona ni haki kabisa, hilo ndilo ambalo kila mwizi angeandika! Sajili ilitaka cheti cha kampuni, hati ya kubadilisha jina, barua ya mkurugenzi yenye mhuri, na uthibitisho kwamba kampuni mpya ndiyo iliyorithi ya zamani. Kasoro barua ya chifu tu. Mdosi mpya hakuwa na hati ya kubadilisha jina, mwanasheria wake alikuwa nayo, mwanasheria alikuwa safarini. Wiki zikapita. Kila usiku nilikuwa nikiamka kuangalia kama zile mistari za daftari bado ziko vile vile.

Wakati huo huo kisanduku nilichofungua kwenye kikoa cha zamani kilianza kujaa. Malalamiko ya barua taka kutoka pande zote za dunia. Arifa za sajili juu ya ada ya mwaka, ambayo tulikuwa tumechelewa kulipa kwa sababu ankara ilikuwa ikienda kwa Mzee. (Usipolipa ada kwa muda mrefu uanachama hufungwa na anwani hurudishwa ghalani, kwa hiyo hata bila mwizi tulikuwa tunaelekea shimoni wenyewe.) Na katikati ya hayo, barua zake yeye: kundi la wanafunzi wenzake, salamu za siku ya kuzaliwa kutoka kwa tovuti isiyojua kwamba mtu hufa, na moja juu ya gawio la hisa ambalo halijachukuliwa.

Hiyo ya mwisho ilinisumbua. Sikuwa na ruhusa ya kusoma barua za mtu. Nikampigia mjane wake, ambaye sikuwa nimeongea naye tangu matanga.

"Shemeji, habari za siku nyingi. Ni kuhusu Mzee."

Alinyamaza kidogo. "Anadaiwa?"

Nikamweleza kwamba hadaiwi, pengine yeye ndiye anadai. Nikamweleza na lile la daftari, kwamba jina lake bado lipo na dunia nzima inaweza kulisoma, nami nataka kulitoa. Akaniuliza kama kuliacha kunamsaidia mtu yeyote. Nikasema hapana, linamsaidia mwizi tu. "Basi litoe," akasema, "na hiyo barua ya hisa nichapie, nitamtuma kijana aichukue." Hapa Kenya mali isiyodaiwa hupelekwa kwa mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na mwenye haki anaweza kuifuata huko na karatasi zake. Alifuata. Ilimchukua muda kuliko mimi.

Sisi tulipona. Lakini ningekuwa nimesahau hadithi hii kama si yale yaliyotokea 2019. Mwaka huo mtafiti mmoja wa Marekani pamoja na tovuti ya habari ya Afrika Kusini, MyBroadband, walifichua kwamba mamilioni ya anwani za Afrika yalikuwa yamehamishwa kwenye daftari la AFRINIC kwa njia zisizo halali, na kidole kikaelekezwa kwa mtu wa ndani ya sajili yenyewe. Ripoti ya ukaguzi ya AFRINIC iliyotoka Januari 2021 ilisema zaidi ya anwani milioni 2.3 zilikuwa zimechukuliwa kutoka ghalani, na nyingine zaidi ya milioni 1.7 ambazo zilionekana kuchezewa zilikuwa za kale, yaani zile zilizogawiwa kabla ya sajili hizi kuwepo.

Hizo za kale ndizo zilizonishika. Kwa nini zilikuwa rahisi kuguswa? Kwa sababu wenyewe walikuwa wamelala. Mashirika yaliyopewa mafungu makubwa miaka ya themanini na tisini, yakaungana, yakauzwa, yakabadilisha majina, yakafa. Mtu wa mawasiliano alistaafu zamani. Ukibadilisha mistari yake, nani atapiga kelele? Mwizi wa mafungu haya hatafuti anwani nzuri, anatafuta simu isiyopokelewa.

Ndiyo maana sajili nyingine zimeamua kubisha hodi kila mara. ARIN huwaandikia watu wa mawasiliano kila mwaka, ukikaa siku 60 bila kuthibitisha rekodi yako inawekwa alama kwamba si halali. APNIC hukagua anwani za kupokea malalamiko kila miezi sita. RIPE NCC nayo huzipima zake angalau mara moja kwa mwaka. Wahandisi wengi hulalamika juu ya barua hizi, oh, zinatusumbua, oh, zinafanana na za matapeli. Ni kweli zinafanana, na matapeli wanalijua hilo, kwa hiyo mimi sibofyi kiungo kilicho ndani ya barua hata siku moja. Nafungua kivinjari, naandika anwani ya sajili kwa mkono, naingia, nathibitisha huko. Dakika tatu.

Kuna jambo jingine ambalo hatukuliwaza 2016. Yule anayetambuliwa na sajili kwamba anaongea kwa niaba ya kampuni, ndiye pia anayeweza kuipigia kura. AFRINIC ilikaa bila bodi kwa muda mrefu, mahakama ya Mauritius ikaiweka chini ya msimamizi mwaka 2023, na uchaguzi wa Juni 2025 ukasimamishwa kisha ukafutwa kwa mzozo juu ya hati za uwakilishi, yaani nani hasa alikuwa ameidhinishwa kumpigia nani kura. Ulirudiwa Septemba mwaka huo ndipo bodi ikapatikana. Nilipokuwa nikifuatilia habari hizo nilifikiria ni makampuni mangapi ya bara hili ambayo kura yao ilikuwa mikononi mwa Mzee fulani.

Sasa mtaniuliza, wewe umefanya nini? Kwanza nilitoa majina ya watu. Daftari linaruhusu kuandika wadhifa badala ya mtu, kwa hiyo palipokuwa na jina la Mzee sasa kuna kitu kama "kitengo cha mitambo", barua pepe ya kitengo inayofika kwa watu watatu, na simu ya ofisi. Hii inasaidia hata upande wa faragha, maana tuna sheria ya kulinda data tangu 2019 na sioni sababu ya nambari ya mtu binafsi kuning'inia hadharani miaka kumi. Pili, sanduku hilo la barua haliko kwenye kikoa cha kampuni peke yake, mmoja kati ya watatu hao anapokea nje kabisa, ili kikoa kikifa tusife nacho. Hili la pili watu hulisahau sana: barua ya kukuonya kwamba kikoa chako kinaisha inatumwa kwenye kikoa kile kile kinachoisha!

Tatu, nikaandika programu ndogo, mistari themanini hivi ya Python, inayofanya kazi kwa cron. Kila siku inauliza whois kuhusu mafungu yetu na kulinganisha jibu na nakala niliyohifadhi. Herufi moja ikibadilika napata SMS. Na kila miezi mitatu inatuma barua kwa zile anwani zilizo kwenye daftari, si kwa anwani ninazozijua kichwani, bali zile zilizoandikwa pale, ikiwa na neno moja la kubahatisha. Mtu lazima ajibu na neno hilo ndani ya siku saba. Asipojibu, inapiga simu ile iliyo kwenye daftari. Inaonekana ni ujinga mpaka ufikirie: tulikuwa na kila kitu kinachopima ruta, nyaya, joto la chumba cha seva na mafuta ya jenereta, na hatukuwa na kitu hata kimoja kinachopima kama tukibishiwa hodi kuna mtu atakayeitika.

Niliondoka kwenye kampuni hiyo baadaye, na siku ya kuondoka nilifanya whois kabla ya kurudisha funguo. Jina langu halikuwemo popote. Programu yangu bado inaendeshwa na vijana walioko, mmoja hunitania kwamba neno la kubahatisha la mwezi fulani lilikuwa "omena".

Kile kikoa cha zamani bado nakilipia mimi, kila mwaka. Sasa barua haziji nyingi, mbili au tatu kwa mwezi, na karibu zote ni takataka. Juzi imeingia moja ya chuo alichosomea, wanawakusanya wahitimu wa mwaka wao. Nimeipeleka kwa shemeji.